Rwagasore: Mwana wa Mwami aliyeanzia sokoni

Jina la Mwanamfalme Louis Rwagasore halihitaji kutangazwa Burundi. Liko kwenye barabara za mijini, liko kwenye milango ya shule na hospitali, na sura yake iliwekwa kwenye noti ya faranga 10,000 iliyotolewa mwaka 2004, pamoja na ile ya Rais Melchior Ndadaye. Kaburi lake liko Vugizo, sehemu ya juu ya jiji la Bujumbura, na kila tarehe 13 Oktoba wakubwa wa nchi hupanda huko kuweka mashada ya maua. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kukutajia siku aliyouawa bila kufikiri. Lakini ukimwuliza alifanya kazi gani kabla hajauawa, jibu huwa moja tu: alileta uhuru. Basi, imekwisha.

Mimi ni mwalimu, na jibu hilo limenisumbua tangu niliporejea nchini mwaka 2009. Nilizaliwa ukimbizini, katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, ambako wazazi wangu walifika baada ya mauaji ya mwaka 1972. Shule yote niliisoma Tanzania, kwa mtaala wa Tanzania. Huko uhuru tulifundishwa kama kazi, tena kazi yenye hesabu na majina. Tulijua TANU ilianzishwa lini, tulijua wananchi walivyochangishana nauli ya Mwalimu Nyerere kwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1955, na tulijua jinsi Bibi Titi Mohamed alivyozunguka kuwaingiza akina mama katika chama. Habari za Rwagasore hazikuwa kwenye vitabu vyetu. Tulizipata jioni kwa wazee, na wazee walimzungumzia kama mtu anavyomzungumzia ndugu aliyefariki mapema: kwamba alikuwa mwema, kwamba alipendwa, kwamba wakamwua. Nilipofika nyumbani na kukuta kwamba hata hapa anafundishwa hivyo hivyo, nikaona kuna sehemu kubwa ya mtu huyu iliyoachwa nje ya darasa. Na sehemu hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo inayomhusu zaidi mwananchi wa kawaida.

Rwagasore alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932. Alikuwa mtoto mkubwa wa kiume wa Mwami Mwambutsa wa Nne na mkewe Thérèse Kanyonga. Burundi ya siku hizo haikuwa nchi inayojitegemea. Ilikuwa nusu ya kusini ya Ruanda-Urundi, eneo ambalo Wabelgiji waliliteka kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916 na kuendelea kulisimamia kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa na baadaye Umoja wa Mataifa. Mwami alikuwapo, machifu walikuwapo, mabaraza yalikuwapo, lakini neno la mwisho lilikuwa la Mbelgiji. Mwananchi wa kawaida alikuwa na mambo matatu ya kufanya katika shughuli za umma: kulipa kodi, kulima kahawa, na kwenda kwenye kazi ya lazima alipoitwa.

Kijana huyo alipelekwa Astrida, mji ambao leo ni Huye nchini Rwanda, katika shule maarufu ya mabruda iliyokuwa ikiwaandaa watoto wa machifu kuwa makarani na wasaidizi wa serikali ya kikoloni. Kutoka hapo akaenda Ubelgiji kwa masomo ya juu, mjini Antwerp. Alirejea mwaka 1956 akiwa na umri wa miaka 24. Kwa mtu wa cheo chake njia ilikuwa imekwisha kuchorwa: atapewa utemi, atakaa kwenye baraza, atangoje siku ya kumrithi mkubwa fulani, na mwisho wa mwezi atapokea mshahara. Wenzake wengi waliifuata njia hiyo, na wala hatuwezi kuwalaumu sana, kwa kuwa hakukuwa na nyingine iliyokuwa wazi.

Yeye alianzia sokoni. Mwaka 1957 aliingia katika shughuli ya kuanzisha vyama vya ushirika, na kile kinachojulikana zaidi ni ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi. Ili kuelewa uzito wa jambo hilo inabidi tuifikirie safari ya gunia la kahawa. Mkulima aliilima kwa amri, akaichuma, akaibeba kichwani hadi kwa mnunuzi, na bei akaikuta imekwisha kupangwa. Kisha kwa fedha hizo hizo alinunua chumvi, kitambaa na jembe katika duka ambalo mwenyewe hakuwa Mrundi. Biashara kubwa ilikuwa mikononi mwa Wazungu, wakiwamo Wagiriki, na Waasia. Mrundi alikuwa mwanzo wa safari ya fedha na alikuwa mwisho wake, lakini katikati, kwenye faida, hakuwapo. Ushirika maana yake ni watu kuweka hisa zao ndogo ndogo pamoja, wanunue pamoja, wauze pamoja, na wachague wenyewe wa kushika hesabu. Upande wa pili wa mpaka jambo hilo lilikuwa limekwisha kuzoeleka: Wachagga wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika wa kahawa tangu mwaka 1933. Kwa Burundi ilikuwa habari mpya, na utawala wa kikoloni uliitazama kwa jicho la wasiwasi. Mwenye kushika kikapu cha fedha zake leo, kesho atauliza kodi yake inakwenda wapi.

Katika shughuli hiyo ndipo alipokaribiana na Waswahili wa Buyenzi. Msomaji wa Dar es Salaam au Kigoma huenda asijue kwamba Bujumbura, ambayo wakati huo iliitwa Usumbura, ilikuwa na mitaa ya watu wasiokuwa chini ya chifu yeyote. Walikuwa wajukuu wa wapagazi, askari na wafanyabiashara waliotoka Ujiji, Manyema na kwingineko, pamoja na Warundi waliohamia mjini, wengi wao Waislamu, na lugha yao ya kila siku ilikuwa Kiswahili. Serikali iliwaona kama wageni. Machifu waliwaona kama watu wasio na ukoo. Kwenye mila za vilimani hawakuwa na kiti. Ndipo anatokea mtoto wa Mwami, anaketi nao barazani, anazungumza nao biashara, anakula kwao. Wazee niliokutana nao Rumonge, ambako Kiswahili nacho kina mizizi mirefu, bado wanalisimulia jambo hilo kwa mshangao, kana kwamba lilitokea juzi.

Ule ushirika haukufika mbali. Mtaji ulikuwa mdogo, watu wenye uzoefu wa hesabu walikuwa wachache, na wakoloni hawakuwa na hamu ya kuunyanyua ulipoyumba. Kama tungempima Rwagasore kwa vitabu vya fedha tungesema alishindwa. Lakini tazama kilichobaki mkononi mwake: watu wa masoko mbalimbali waliozoea kukutana, kuchangishana, kubishana juu ya fedha yao na kumhoji aliyeishika. Chama cha siasa alichokiongoza, UPRONA, kilichozaliwa katika miaka hiyo hiyo ya mwisho ya 1950, kilikuta watu wa namna hiyo wakiwa tayari. Hakikuanza na hotuba kwenye uwanja mtupu.

Wabelgiji walijaribu kumpa kazi ya kumtuliza. Mwaka 1959 alipewa utemi wa Butanyerera, kaskazini mwa nchi. Mwaka huo huo, mwezi Septemba, alimwoa Marie-Rose Ntamikevyo. Walijaliwa mabinti wawili, na wote wawili walifariki wangali wadogo. Utemi haukumtosha. Aliuacha akarudi kwenye siasa moja kwa moja.

UPRONA ilitaka uhuru wa haraka chini ya ufalme wa kikatiba, na iliwakusanya Wahutu, Watutsi, Waganwa na Waswahili chini ya paa moja. Miongoni mwa viongozi wake alikuwamo Paul Mirerekano, Mhutu aliyekuwa mtaalamu wa kilimo na aliyependwa mno na wakulima. Alikuwamo Pierre Ngendandumwe, Mhutu mwingine, msomi. Kwa upande wa pili ulikuwapo chama cha PDC, chama cha Wakristo wademokrasia, kilichoongozwa na ndugu wawili, Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli, watoto wa Chifu Pierre Baranyanka. Baranyanka alikuwa wa ukoo wa Batare, nao ukoo wa Rwagasore ni Bezi, na ugomvi wa koo hizo mbili za Kiganwa ulikuwa wa zamani kuliko vyama vyenyewe. PDC haikuwa na haraka ya uhuru, na Wabelgiji hawakuficha kwamba ndiyo waliyoipenda.

Kwa hiyo mwaka 1960 akafungiwa njia kwa sheria. Baada ya mazungumzo ya Brussels ya mwezi Agosti, Wabelgiji waliamua kwamba jamaa wa karibu wa Mwami hawaruhusiwi kushika nafasi za kisiasa. Kila mtu alijua sheria hiyo ilikatwa kwa kipimo cha nani. Mwezi Oktoba wakamweka kizuizini Bururi, na huko ndiko alikokuwa wakati uchaguzi wa tarafa ukifanyika, Novemba hadi Desemba. PDC ikashika nafasi ya kwanza. UPRONA ikaja nyuma.

Hapa naomba msomaji tusimame kidogo, maana katika shule zetu uchaguzi huu wa 1960 hupitwa kama basi linavyopita kituo kisicho na abiria. Shujaa hapaswi kushindwa, nadhani ndivyo tunavyofikiri. Mimi hufundisha kinyume. Nawaambia wanafunzi wa darasa la sita kwamba Rwagasore alishindwa mwishoni mwa mwaka 1960, kisha nawaacha waulize. Swali la kwanza huwa ni lile lile kila mwaka: je, alichukua bunduki? Kwa watoto waliozaliwa katika nchi yetu hii hilo si swali la kitoto.

Hakuchukua. Alitoka kizuizini Desemba na chama kikarudi vilimani. Kazi hiyo hawakuifanya viongozi wakubwa peke yao. Akina mama wa Buyenzi, Waswahili, waliingia katika siasa hizo kwa nguvu ambayo wakoloni hawakuitarajia: walieneza habari za chama, walimshangilia kiongozi wao hadharani. Wanahistoria wameanza kuwaandika katika miaka ya karibuni tu. Kwa muda mrefu hawakuwa na mstari hata mmoja kwenye vitabu. Mtu aliyesoma habari za wanawake wa TANU kule Dar es Salaam hawezi kushangaa, kwa kuwa mambo yalifanana na tena yalijuana; viongozi wa TANU walimuunga mkono Rwagasore, na Usumbura haikuwa mbali na Kigoma. Kumbuka pia majirani wa upande wa magharibi: Patrice Lumumba, ambaye Wabelgiji walimhesabu kuwa rafiki wa Rwagasore, aliuawa Januari 1961. Kila aliyekuwa UPRONA alijua hatari iliyopo.

Umoja wa Mataifa nao uliingilia kati. Uliishinikiza Ubelgiji, uchaguzi wa bunge ukasogezwa mbele, nao ukaja kufanyika tarehe 18 Septemba 1961 chini ya macho ya waangalizi wa Umoja huo. Jambo moja kubwa lilitokea mwezi mmoja kabla: Agosti 1961 wanawake wa Burundi walipata haki ya kupiga kura na kugombea. Kwa mara ya kwanza nusu ya nchi iliyokuwa nje ikaingia chumba cha kura.

Matokeo yanajulikana. UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64, kwa kura zinazokaribia asilimia 80.

Wapo wanaosema, na nimewasikia hata katika chumba cha walimu, kwamba ushindi huo haukuwa na uhusiano wowote na ushiriki wa wananchi. Kwamba mkulima alimpigia kura mwana wa Mwami kama ambavyo angempigia Mwami mwenyewe, kwa heshima na kwa mazoea. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na sipendi kuifukuza. Jina la ufalme lilimfungulia milango ambayo Mirerekano, kwa mfano, angeibisha mpaka mkono uume. Chama chenyewe kililitumia jina hilo bila aibu. Lakini mwaka 1960 alikuwa mwana wa Mwami huyo huyo. Damu haikubadilika katika miezi kumi. Kilichobadilika ni kwamba safari hii alikuwa huru, waangalizi walikuwapo, wanawake walipiga kura, na chama kilikuwa kimefika mahali ambapo awali hakikufika. Mtu anayetaka kueleza ushindi wa 1961 kwa ukoo peke yake, anieleze na kushindwa kwa 1960.

Baada ya ushindi Rwagasore aliwataka wafuasi wake watulie, wasiwasumbue walioshindwa, na akasema serikali itakuwa ya watu wote. Tarehe 28 Septemba akawa Waziri Mkuu. Alikuwa na miaka 29.

Alidumu siku kumi na tano. Jioni ya Ijumaa tarehe 13 Oktoba 1961, akiwa mezani na baadhi ya wenzake katika Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa, alipigwa risasi moja kutoka gizani na akafa. Aliyefyatua alikuwa Mgiriki, Jean Kageorgis. Upelelezi uliwafikia viongozi wa PDC. Kageorgis aliuawa kwa kupigwa risasi tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa. Ntidendereza, Biroli na wenzao, ambao mahakama chini ya Wabelgiji haikuwanyonga, walihukumiwa upya baada ya uhuru na kunyongwa hadharani Gitega Januari 1963. Kuhusu mkono wa maofisa wa Kibelgiji katika mauaji hayo, tuhuma ni za tangu siku ile ile. Mwandishi wa Kibelgiji Ludo De Witte aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 2021, na Bunge la Ubelgiji liliunda kamati maalumu kuchunguza enzi za ukoloni Kongo, Rwanda na Burundi. Kamati hiyo ilimaliza kazi Desemba 2022 bila kukubaliana juu ya mapendekezo.

Kilichofuata nchini ndicho kinachonifanya nisipende kumfundisha Rwagasore kwa nyimbo peke yake. Vijana wa chama chake walijipa jina lake: Vijana Wazalendo wa Rwagasore. Januari 1962, miezi mitatu tu baada ya kuzikwa, vijana wa jumuiya hiyo waliwavamia watu wa Kamenge, mjini Usumbura, na miongoni mwa waliouawa walikuwamo Wahutu waliokuwa viongozi wa wafanyakazi. Mtu aliyewaomba wafuasi wasiwaguse walioshindwa, jina lake likabebwa na waliokwenda kuwapiga. Ndani ya chama, André Muhirwa, shemeji yake aliyemrithi uwaziri mkuu, na Mirerekano wakagombania uongozi, na chama kikapasuka. Ngendandumwe, akiwa Waziri Mkuu, aliuawa kwa risasi Januari 1965. Mirerekano naye aliuawa mwaka huo huo. Mwaka 1966 jeshi likachukua nchi, na UPRONA ikafanywa chama pekee cha Burundi, hali iliyodumu hadi 1992. Kadi ya chama, ambayo mwaka 1961 mtu aliichukua huku akijua inaweza kumgharimu, ikawa kadi ambayo kutokuwa nayo ndiko kulikogharimu. Mkutano wa kilima ukawa mahali pa kuhesabiwa na kupiga makofi.

Halafu 1972. Sina haja ya kuirudia hapa. Nyumba nyingi zitakazosoma ukurasa huu zina habari yake. Wazazi wangu walivuka mpaka na mtoto mmoja mgongoni, kaka yangu mkubwa. Mimi nilizaliwa baadaye, katika nchi iliyotupokea.

Naitaja safari hiyo kwa sababu inahusu moja kwa moja namna sisi tuliorudi tunavyokaa vilimani leo. Waliozaliwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo wengi walibaki. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia watu zaidi ya 160,000, wakiwamo shangazi zangu wawili. Sisi tuliorejea tulikuta mashamba yana watu. Wengine walielewana, wengine walifikishana mahakamani. Katika kilima ninachokaa, kwa miaka mingi wenzangu waliotoka Tanzania hawakwenda kwenye mikutano. Sababu zao zilikuwa tatu: Kirundi chao kina lafudhi ya nje na watu hucheka, ardhi yao ina kesi na hawataki kuonekana wachokozi, na, kubwa kuliko zote, mkutano ni wa wenye kilima. Basi hata bomba la maji lilipoletwa, kamati ya kulisimamia iliundwa bila hata mmoja wetu, ingawa nusu ya ndoo zilizopangwa pale ni zetu. Mchango ulipopandishwa, tulilalamika usiku, majumbani.

Aliyebadilisha hali hiyo alikuwa mama mmoja, muuza dagaa, mrejeaji kama mimi, asiyejua kusoma. Alikwenda mkutanoni akasimama akauliza, kwa Kirundi chake kilichochanganyika na Kiswahili, fedha za mwaka uliopita zilinunua nini. Watu walicheka, kweli. Akauliza tena. Mara ya tatu mzee mmoja miongoni mwa bashingantahe, mzaliwa wa pale pale, akasema swali ni halali na lijibiwe. Daftari lililetwa. Halikuwa na wizi mkubwa. Lilikuwa na uzembe, risiti mbili zimepotea, na koki iliyonunuliwa ghali. Lakini kamati iliyofuata ilikuwa na warejeaji wawili, na yule mama ni mmojawapo. Simlinganishi na mtu yeyote wa historia. Ninachosema ni kwamba nilipomwona pale amesimama, nilielewa vizuri zaidi kwa nini Wabelgiji walikuwa na wasiwasi na ushirika wa masokoni kuliko walivyokuwa na wasiwasi na ngoma za Mwami.

Wanafunzi wangu hupenda kuchanganya siku mbili za Oktoba: tarehe 13 ya Rwagasore na tarehe 21 ya Ndadaye, aliyechaguliwa Juni 1993 na kuuawa mwaka huo huo. Si kosa la kuwashangaa. Mara mbili nchi hii ilipiga kura kwa wingi, na mara mbili aliyechaguliwa akauawa kabla hajamaliza hata nusu mwaka. Mtoto mmoja aliniuliza kama kura ndiyo inayoua. Nilimjibu kwamba kura haimfyatulii mtu risasi, na waliofyatua walijua wamechelewa kwenye sanduku. Sijui kama jibu lilimtosha. Aliandika kitu kwenye daftari lake.

Mwaka huu nimejaribu njia nyingine. Katika darasa langu wapo watoto watatu wenye bibi zao Buyenzi, ambao huwatembelea wakati wa likizo. Msichana aliyekuwa na umri wa miaka ishirini wakati wa uchaguzi wa 1961 sasa ana zaidi ya themanini, na wapo walio hai. Nimewapa watoto hao maswali manne ya kuwauliza: ulikwenda kupiga kura ukiwa na nani, ulivaa nini, nani alikwambia habari za chama, na nyumbani nani alikukataza. Majibu mawili yamekwisha kufika. Bibi mmoja amesema hakukatazwa na mtu kwa sababu hakumwambia mtu. Aliaga kwamba anakwenda sokoni.